Ruete: Jina Moja la Kijerumani, Watu Wasiofanana

Kuna Mjerumani mmoja nimechoka kukutana naye kwenye miswada ya vijana wenzangu. Jina lake ni Schmidt. Kuna siku huitwa Müller, ila mtu ni yule yule: masharubu yamesokotwa, buti zinang'aa, kiboko kwapani. Anaingia ukurasa wa pili, anaamuru mtu alambwe hamsa ishirini, ukurasa wa nane anakufa kwa mshale au anapanda meli, hadithi kwisha. Ukimuuliza mwandishi, huyu bwana alikuwa na mama? Aliacha deni kwao? Usiku aliogopa nini? Anakushangaa. "Si Mjerumani tu huyo!" Yaani jina la ukoo limeshafanya kazi yote, mwenye kalamu amepumzika.

Viboko vilikuwepo, na vita ya Maji Maji ya 1905 mpaka 1907 si hadithi ya kutunga. Hapa kwetu Sofu ukishuka upande wa Soga unaikuta reli ya kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 wakaifikisha Kigoma 1914. Siku hizi inapita huko pia treni ya umeme, iliyoanza safari za Morogoro mwaka 2024. Kisarawe wamisheni wa Kilutheri walifika tangu 1892, Maneromango mwaka 1895. Neno shule tumelitoa kwao, na hela pia, kutokana na sarafu ya Heller iliyoanza kutumika 1904. Kwa hiyo Mjerumani ni mali yetu kabisa kumwandika. Ninachogombana nacho mimi ni uvivu.

Basi nimeona badala ya kulalamika tu, tufanye jaribio. Tuchukue jina moja la ukoo la Kijerumani, tuwapange mstari watu waliolibeba, halafu tuone kama jina linatuambia chochote kuhusu roho zao. Jina nililochagua ni Ruete. Sababu iko wazi: ni jina la Kijerumani lililovaliwa na binti wa Unguja, na binti huyo alikuwa mwandishi kama tunavyotaka kuwa sisi.

Kwanza litazame jina lenyewe. Mtu wa pwani akiliona limeandikwa atalisoma ru-e-te, silabi tatu, kila moja inaishia na irabu kama neno letu. Ukimdanganya mtoto wa darasa la tatu kwamba ni kitongoji cha huko Mkuranga, atakubali. Hapo tu ushaona mtego wa majina. Sikio linasema "huyu wa hapa" na karatasi inasema "huyu wa Hamburg".

Kabla jina hilo halijafika kwetu lilikuwa na watu wake, tena watu wa heshima zao. Theodor Ruete, aliyezaliwa 1810 na kufariki 1867, alikuwa daktari wa macho, profesa wa Göttingen na baadaye Leipzig. Mwaka 1851 Hermann von Helmholtz alitangaza chombo cha kuchungulia ndani ya jicho la mtu aliye hai. Mwaka uliofuata Ruete akaja na njia yake, ya kutumia kioo chenye tundu katikati pamoja na lenzi, daktari akapata kuona sehemu kubwa zaidi ya jicho kwa mara moja. Hadi leo madaktari wa macho wanatumia njia inayofuata wazo hilo. Huyo ni Ruete wa kwanza katika mstari wetu. Kiboko hana. Ana taa na kioo.

Wa pili ni Rudolph Heinrich Ruete, kijana wa Hamburg, mwana wa mwalimu. Alikuja Unguja kufanya kazi katika kampuni ya biashara ya Hansing, iliyokuwa ya huko kwao. Wakati huo Wajerumani hawakuwa na koloni hata shubiri moja huku. Walikuwa wageni wa Sultani, wakinunua karafuu, pembe na sandarusi kwa ruhusa yake. Kijana huyu alipanga nyumba jirani na nyumba ya binti mmoja wa marehemu Sayyid Said bin Sultan. Nyumba za Mji Mkongwe zimebanana, madirisha yanatazamana. Mengine mwandishi yeyote wa mapenzi anaweza kuyamalizia.

Binti huyo ni Salme. Alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria, Mcherkesi kutoka milima ya Kaukasi. Baba alifariki 1856, mama 1859 kwa kipindupindu. Mwaka huo huo wa 1859, akiwa na miaka kumi na mitano, aliingizwa katika njama za kaka yake Barghash dhidi ya kaka mwingine, Sultani Majid. Kazi yake ilikuwa kuandika barua za siri. Kwa nini yeye? Kwa sababu alijua kuandika. Mabinti wa nyumba ile walifundishwa kusoma Kurani tu, kuandika hakukuruhusiwa. Yeye alijifunza kwa kificho, akinakili herufi kwenye mfupa wa bega la ngamia. Nawaomba akina dada wanaoandika msimame hapo kidogo. Mwandishi huyu alianza uandishi kama kosa.

Mwaka 1866, akiwa na mimba ya Ruete, alitoroka kwa manowari ya Waingereza hadi Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa, akapewa jina Emily, na siku hiyo hiyo wakafunga ndoa. Salme binti Said akawa Emily Ruete. Yule mtoto wa kwanza alikufa safarini kabla hawajafika Hamburg. Wakazaliwa wengine watatu: Antonie mwaka 1868, Rudolph Said 1869, Rosalie 1870. Agosti 1870 mume alianguka kutoka kwenye gari la reli lililokokotwa na farasi, akafa. Ndoa ilidumu miaka mitatu na miezi michache. Jina alilopewa na ndoa hiyo alilibeba miaka zaidi ya hamsini iliyobaki, hadi alipofariki mjini Jena Februari 1924.

Sasa tuje kwenye kazi yake, maana uhakiki si wasifu wa marehemu.

Kitabu chake kilitoka Berlin mwaka 1886, kwa Kijerumani, *Memoiren einer arabischen Prinzessin*, yaani kumbukumbu za binti mfalme wa Kiarabu. Mimi nimekisoma kwa Kiingereza, kamusi pembeni, kwa hiyo mwenye Kijerumani anaweza kunikosoa kwenye ladha ya lugha. Kwenye ujenzi wa kitabu sina wasiwasi. Uzuri wake mkubwa ni nyumba. Kasri la Mtoni unaliona: kijito kinachopita, ua mkubwa wenye tausi na paa, ngazi zilizochakaa, baraza ya duara juu ya bahari ambako baba mtu mzima anatembea huku na huko akiwaza. Unasikia Kiarabu, Kiswahili, Kituruki, Kihabeshi na Kicherkesi vikigongana kwenye ua mmoja. Hasemi "kulikuwa na mchanganyiko wa watu". Anakuonyesha nani anakaa na nani, nani anamwonea nani wivu, watoto wa masuria wa Kicherkesi wanatazamwaje na watoto wa masuria wa Kihabeshi. Anaandika kama mtu anayejua funguo ziko wapi. Wengi wetu tunaandika kasri kama watalii waliolipia kiingilio.

Nguvu ya pili ni ubishi. Anaandika akiwajibu Wazungu. Wao walikuwa wakisema mwanamke wa Kiarabu ni ndege ndani ya kizimba. Yeye anawauliza, na mke wa kwenu je? Katika shule anawalinganisha, katika ndoa anawalinganisha, na hakubali kwamba kila cha kwao ni bora. Hii ni mwaka 1886, jamani, na mwandishi ni mjane mgeni anayekula kwa kufundisha watu Kiarabu.

Udhaifu nao upo, tena si mdogo.

Wa kwanza ni ukimya. Ukifika mahali pa kuondoka Unguja, pale ambapo kila msomaji amekaa mkao wa kula, mwandishi anakimbia. Mimba haitaji. Mtoto aliyezikwa njiani hamtaji. Mapenzi yenyewe yanapita kama abiria wa daladala. Najua sababu: aliandika kwanza kwa ajili ya wanawe, na alikuwa mama wa watu katika mji wa watu. Lakini kuna maandishi yake mengine, barua ndefu kwa rafiki wa Unguja ambazo hakuzichapisha akiwa hai. Zilikuja kutolewa kwa Kiingereza mwaka 1993. Humo ndimo linapotoka baridi la Hamburg, upweke, macho ya watu barabarani, na sheria iliyomweka mjane chini ya wasimamizi wanaume kana kwamba hana akili. Ukisoma vitabu hivi viwili pamoja unaona waandishi wawili ndani ya mwanamke mmoja. Wa 1886 anaandika amevaa nguo za kupokelea wageni. Wa barua amekaa jikoni.

Udhaifu wa pili ni utumwa. Hapa sitamtetea. Ana sura nzima kuhusu watumwa, na humo anadai kwamba mtumwa wa nyumba za Kiarabu hakuwa na hali mbaya kama Wazungu wanavyosema, kwamba kukomesha utumwa kwa haraka kunaleta madhara, na kwamba mtu mweusi bila kusimamiwa hafanyi kazi. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa mwaka 1873, miaka kumi na mitatu nyuma. Yeye bado anaandika kama mwenye shamba. Huyu ndiye mwandishi aliyejua kuuliza, "Na wa kwenu je?" Alijua kumgeuzia Mzungu kioo, ila upande wa chini ya ngazi zake mwenyewe hakukigeuza. Kina mama waliobeba maji Mtoni wanapita kurasa nyingi bila majina, wakati tausi wameelezwa mpaka rangi.

Msomaji mwenye haraka atasema, si unaona, ameandika hivyo kwa sababu ni Ruete, amekwishakuwa Mzungu! Hapana bwana. Maneno hayo hakuyatoa kwa Ruete. Aliyatoa nyumbani Mtoni, kwenye mashamba ya karafuu aliyokuwa nayo Kisimbani. Hapo ndipo jina linapotudanganya: lawama inapelekwa Hamburg wakati mzigo ulipakiwa Unguja.

Na kuna mahali jina Ruete lilifanya kazi kweli, si ya fasihi. Mwaka 1885 Emily alirudi kuiona Unguja baada ya miaka kumi na tisa. Hakuja na mtumbwi. Alikuja na msafara wa meli za serikali ya Ujerumani. Carl Peters alikuwa amezunguka Usagara na jirani zake mwishoni mwa 1884 akikusanya mikataba ya alama za dole na misalaba. Februari 1885 Kaisari akaiwekea muhuri. Barghash, sasa Sultani, akapinga. Agosti manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri lake, na dai la urithi la dada yake, raia wa Ujerumani kwa jina la mumewe, likawa kijiti cha ziada mkononi mwa Bismarck. Barghash alipokubali masharti, dai la dada likasahaulika. Alirudi tena 1888, mikono mitupu vile vile. Mwaka 1890 ukanda wa pwani ya bara ukauzwa kwa Wajerumani kwa marki milioni nne, na nchi hii ya kwetu, Kisarawe na kote huku, ikawa yao rasmi. Mjane alikuwa anataka mirathi. Waliombeba walikuwa wanataka nchi.

Nimeeleza hayo kwa sababu ya kijana mmoja, mtunzi wa mashairi, ambaye tulibishana naye hadi usiku. Yeye aliniambia: "Mwacha asili ni mtumwa. Huyo mama alituacha, dini akaacha, jina akaacha, na alirudi na manowari. Kwa nini umweke kwenye kabati la fasihi yetu?" Hoja nzito, nami sikuijibu siku ile kwa neno moja. Nitaijibu hapa kwa kuwatazama watoto wake.

Watoto watatu, jina moja, baba mmoja, mama mmoja. Antonie aliolewa na Eugen Brandeis, mtawala wa Kijerumani katika visiwa vya Marshall, huko bahari ya Pasifiki. Akaishi naye kule, akakusanya vitu vya mikono vya wenyeji kwa ajili ya makumbusho, na mwaka 1907 akachapisha kitabu cha mapishi kwa ajili ya nchi za joto. Fikiri kidogo: mjukuu wa Sultani wa Unguja, akifundisha wake wa wakoloni namna ya kupika penye jua kali. Rosalie aliolewa na ofisa wa jeshi la Prusia, Troemer, aliyefikia cheo cha jenerali. Na yule wa kiume, Rudolph, naye alipitia jeshi, akaliacha, akafanya kazi Misri katika benki, akahamia London. Jina la babu yake akaliunganisha na la baba yake, akawa Said-Ruete. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia alikwenda Uswisi akajishughulisha na mambo ya amani. Mwaka 1929 akatoa London kitabu cha historia ya babu yake, Said bin Sultan. Baadaye akaacha uraia wa Ujerumani, akawa Mwingereza. Alifariki Luzern 1946.

Huyu wa mwisho ananivutia zaidi. Mama aliandika nyumba kwa kumbukumbu. Mwana aliiandika kwa nyaraka. Mama alifichwa ndani ya Ruete. Mwana alilipasua jina katikati akamwingiza Said. Kama mwacha asili ni mtumwa, mtoto wa mwacha asili anaruhusiwa kurudi? Na akirudi na kitabu mkononi, tumfungie mlango?

Nje ya familia hiyo jina liliendelea na safari zake. Hans Hellmuth Ruete, mwanadiplomasia, ndiye aliyekuwa balozi wa kwanza wa Ujerumani Magharibi nchini Poland, kuanzia 1972, nchi ambayo Wajerumani walikuwa wameiangamiza miaka thelathini kabla. Kazi ya balozi wa namna hiyo ni kuketi mbele ya watu wenye makaburi yao na kuongea kwa adabu. Baadaye alipelekwa London. Sasa mpangeni mstarini pamoja na wenzake: daktari wa macho, karani wa biashara aliyependa jirani yake, binti mfalme, mpishi wa koloni, mke wa jenerali, mpenda amani, balozi. Hebu niambieni, katika hadithi yenu "Bwana Ruete" angeingia na nini mkononi?

Hamburg wenyewe walikwama kwenye swali hilo. Mwaka 2019 walikipa kiwanja kimoja jina la Emily Ruete, kwa heshima ya mwanamke mhamiaji aliyeandika. Mwaka 2020 wakaamua jina liondolewe, kwa sababu ya zile kurasa za utumwa na watu weusi. Waliompa heshima walimsoma jina na historia. Waliomnyang'anya walimsoma kurasa. Mimi nipo upande wa wanaosoma kurasa, ila nawaomba wasiishie sura moja. Kibao cha barabara hakina nafasi ya ubishi: ama jina lipo au halipo. Kitabu nafasi hiyo kinayo, na ndiyo maana tunaandika vitabu.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule mshairi ni hili. Emily Ruete ni wa kabati letu. Akae hapo tumsome na tumgombeze. Anajua nyumba, anajua bahari, anajua maneno ya ua wa Unguja. Anaficha, anadharau, anadai. Mwandishi mwenye kasoro zake zote wazi anatufundisha kuliko malaika wa kitabu cha mtihani. Tukimtoa kwa sababu ya jina, itabidi tumtoe pia Mtoro bin Mwinyi Bakari.

Wengi watauliza, Mtoro ameingiaje? Aliingia hivi. Kile kitabu kikubwa cha *Desturi za Wasuaheli*, kilichotoka Göttingen mwaka 1903, juu yake kina jina la Carl Velten. Mwenye sehemu kubwa ya maneno yaliyomo ni Mtoro, mzaliwa wa Dunda, Bagamoyo, mtu wa mkoa wetu huu huu wa Pwani, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili na kufariki huko huko 1927. Velten alikusanya na kutafsiri. Msomaji wa gamba anaona Mjerumani. Msomaji wa kurasa anamsikia Mzee wa Dunda akieleza ngoma, ndoa na mazishi kwa Kiswahili cha kushiba. Kwa Salme jina la Kijerumani lilitoka kwa mume, kwa Mtoro lilitoka kwa mchapishaji. Katika vitabu vyote viwili sauti ya pwani imeketi nyuma ya jina la mgeni, na anayeishia kwenye jina hataisikia.

Sasa tuingie karakana, maana wengi mnaosoma kurasa hizi mna muswada chini ya godoro.

Mkitaka mfano wa Mjerumani aliyeumbwa, someni *Afterlives* ya Abdulrazak Gurnah, ya mwaka 2020. Yumo ofisa wa jeshi anayemchukua askari kijana, Hamza, kuwa mtumishi wake, akamfundisha Kijerumani, na kitabu cha Schiller kikaja kuwa mali ya huyo askari. Ofisa yule anajulikana kwa cheo chake tu. Jina halijambeba hata hatua moja. Unamwogopa, unamhurumia, halafu unajichukia kwa kumhurumia, na yote hayo yametokana na anachofanya na anachosema. Ukatili wa jeshi lile haukupunguzwa hata punje. Nasisitiza hapo kwa sababu kuna watu wakisikia "mwandike Mjerumani kama mtu" wanadhani unawaambia wamsafishe. Mtu kamili anayefanya ubaya anatisha kuliko sanamu yenye masharubu.

Kwa hiyo kabla hujampa mhusika jina la ukoo, jibu maswali machache. Nani alimpa jina hilo, na kwa karatasi gani: ndoa, ubatizo, utumwa, mwajiri? Nani analitamka vibaya? Yuko radhi nalo, au usiku analitamka lile la zamani? Je, lingebadilishwa, angepoteza nini: shamba, dini, kaburi? Emily Ruete amezikwa Hamburg, Ohlsdorf, pamoja na watu wa mumewe. Said-Ruete alihitaji kiunganishi kimoja tu kubadili maana ya ukoo wake wote. Majina ya namna hiyo yana hadithi ndani. "Schmidt" wa ukurasa wa pili hana hata nauli.

Na hili la mwisho ndilo linaloniuma. Mtoni kulikuwa na mamia ya watu. Tunajua majina ya masultani, mabinti, wafanyabiashara, hata ya meli. Yule aliyemtilia maji ya kuoga Salme mdogo, aliyemsuka nywele, aliyelima karafuu Kisimbani, jina lake la ukoo halikuandikwa popote, maana alipoingia sokoni alinyang'anywa. Wengine walipita huku huku bara, kwa miguu, kuelekea Bagamoyo. Wajukuu wa wajukuu zao wamo humu mitaani, wanapanda daladala na sisi, na majina yao ya ukoo ni ya juzi juzi. Ruete ina makumbusho, ina vitabu, ina mabishano ya madiwani wa Hamburg. Wao wana sisi tu, wenye madaftari ya kaunta na kalamu za mia tano.

Nani anaianza riwaya hiyo? Mwenye ubishi au mwenye sura ya kwanza alete kwenye ukurasa huu. Ila akimtia humo Mjerumani, tafadhali asimwite Schmidt.